Mlio wa Kwenye Kona

Enzi zetu, baba akirudi nyumbani mtaa mzima ulijua. Nyinyi wa rika langu mliokulia Ngamiani mnazikumbuka alasiri zile, mihogo ya nazi ikitokota, dagaa wakikaangwa nyumba ya tatu na wewe unamezea mate nyumba ya kwanza, sisi wasichana tunarushiana mpira wa soksi kwenye rede na wavulana wamechuchumaa juu ya gololi zao wakigombana kama wabunge. Halafu kutoka upande wa Pongwe unasikia mngurumo mzito, unakuja, unakuja, na ukifika kwenye kona ya duka la Mpemba: paah! Kuku wanaruka. Mtoto aliyelala anaamka akilia. Na sisi tunatawanyika, huyu anatafuta juzuu yake ya chuoni, yule anabeba ndoo ya maji ambayo tangu mchana alikuwa anaambiwa akateke.

Hilo ndilo lilikuwa pikipiki la Baba. La Kiingereza, zito, jeusi, tangi lake limebonyea upande mmoja. Baba alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge, na Mzungu meneja alipofunga virago vyake, pikipiki lilibaki stoo likiota kutu. Baba akaruhusiwa kulichukua. Siku anakuja nalo mara ya kwanza alilisukuma, na watoto wote wa mtaa tukalisukuma naye, na nilinuka oili siku ile hata Mama akanikataza nisikalie mkeka.

Lilikuwa halikosi ugonjwa. Lilivuja oili hata likiwa limelala, kwa hiyo chini ya tumbo lake kulikaa sufuria kuukuu, na ole wake aliyeiondoa. Jumapili asubuhi Baba alitandika gunia la katani uani, akafungua bati la biskuti lililojaa spana, akaanza kulipasua. Kaka yangu Bakari alikimbilia mpira. Mimi ndiye niliyebaki na sahani ya bati yenye petroli, nikiosha boliti moja moja, kucha zimekuwa nyeusi. Baba alikuwa si mtu wa maneno mengi, lakini pikipiki likigoma alikuwa na neno lake moja, alilisema kwa sauti ileile kila mara: "Uliza moto, uliza petroli, uliza hewa. Vyote vikiwepo na bado linakataa, basi mbovu ni wewe."

Moto, petroli, hewa. Vijana wa siku hizi simu ikizima wanaitupa kitandani na kununa. Sisi tulilelewa kwa kuuliza.

Ila kuna jambo moja ambalo hata kwa kuuliza huko Baba hakuliponya, ule mlio wa kwenye kona. Pikipiki lilikuja limetulia barabara nzima, likifika dukani kwa Mpemba linalipuka. Shuleni walitutania, "Baba yenu kapiga tena bunduki jana." Tuliona haya kweli. Wakati mwingine nilikuwa nimesimama palepale kwenye kona, nikimwona Baba anaachia usukani kwa mkono wa kushoto na kuuinua mkono huo mbele kidogo, nami nikidhani anawapungia wazee waliokaa barazani, halafu paah! Nikajisemea, maskini, hata salamu anaharibiwa na pikipiki lake bovu.

Baba alitangulia mbele ya haki zamani. Pikipiki likasukumwa kwenye banda la uani, likafunikwa turubai, kuku wakalifanya kiota. Tukasahau, au tuseme tulijisahaulisha.

Sasa Mama haoni tena. Macho yalimwishia polepole, na mwaka huu tulikubaliana, mimi, Bakari na mdogo wetu Zuhura aliyeolewa Morogoro, kwamba Mama akakae huko kwa Zuhura na nyumba ya Ngamiani tuipangishe. Mama alisikiliza yote, mikono mapajani. Mwisho akasema, "Nitakwenda. Lakini kwanza nataka nilisikie lile pikipiki la baba yenu likikata kona likija nyumbani. Mara moja tu. Baada ya hapo nipelekeni mtakako."

Ndipo mimi, mwalimu mstaafu mwenye wajukuu, nikajikuta nimetandika gunia uani pale pale alipotandika Baba, nimevua viatu. Bakari naye alikuja, safari hii bila mpira.

Wenzangu, nilichanganyikiwa tangu siku ya kwanza. Bati la biskuti lilikuwa limepotea, tukaazima spana kwa fundi Saidi, kijana anayetengeneza bodaboda pale jirani. Spana yake ya kumi na tatu ilikuwa kubwa, ya kumi na mbili ndogo. Tukadhani boliti zimeliwa na kutu. Tukazipiga msasa, bado. Saidi akakuna kichwa: "Shangazi, hizi si za milimita. Wala si za inchi ninazozijua mimi. Hawa Waingereza walikuwa wanapimia nini?" Nilikuwa nimeziosha boliti hizo utoto wangu wote na nisijue kwamba zina vipimo vyake vya peke yake. Tukapata spana kuukuu kwa mzee mmoja wa gereji ya zamani, alizokuwa amezifungia kwenye soksi.

Tukafika kwenye umeme. Bakari akafunga betri kama watu wote duniani wanavyofunga, hasi kwenye bodi. Nyaya zikafuka moshi, Mama akauliza kutoka ndani nani anaunguza nywele. Kumbe pikipiki hili chanya ndiyo inakwenda kwenye bodi. Kwa nini? Mpaka leo sielewi, na Bakari anasema anaelewa lakini ukimuuliza anabadilisha mazungumzo.

Kisha gia. Gia iko mguu wa kulia, breki mguu wa kushoto. Siku lilipowaka, na nitawaambia tulipiga kelele kama watoto, Bakari alilipanda akalitoa mtaani. Akataka kubadili gia kwa mguu aliouzoea, akakanyaga breki, akasimama ghafla mbele ya mama anayeuza mbaazi, sufuria ikapona kwa kudra tu. Alitukanwa kwa Kidigo na kwa Kiswahili, akaomba radhi kwa vyote viwili.

Lakini lilitembea. Injini ilikuwa nzuri, inaunguruma kwa mpango, petroli haivuji, hata oili ilikuwa inadondoka kwa adabu. Tukamtoa Mama barazani, tukamkalisha kwenye kiti chake. Bakari akaenda mpaka barabara kubwa, akageuza, akaja. Nilimwangalia Mama usoni. Mngurumo ukasogea, ukakata kona ya duka, ambalo siku hizi ni la kuuza vocha na pempasi, ukaingia mpaka mbele yetu ukazima.

Mama akainamisha kichwa, sikio mbele. Halafu akasema, "Silo."

"Mama, ndilo."

"Silo, mwanangu. La baba yenu nalijua."

Tukaupeleka mkono wake kwenye tangi, akapapasa, akakuta pale palipobonyea. Akapapasa tena. "Mwili ndio," akasema. "Basi mmeweka injini ya Mchina." Akanyanyuka kwa kushika ukuta. Alipofika mlangoni akageuka, macho yake yakitazama mahali ambapo sisi hatukuwepo. "Mwanidanganya kwa vile sioni."

Nimefiwa, nimeugua, nimestaafu kwa kiinua mgongo kidogo. Neno lile liliniumiza kuliko vyote hivyo. Mama angekwenda Morogoro akiamini kwamba watoto wake wamemfanyia mchezo.

Tukajua kinachokosekana. Ule mlipuko. Bila ule mlio lile halikuwa la Baba, na mimi mwenyewe nilipofikiria vizuri niliona hata sikio langu lilikuwa linausubiri. Kwa hiyo tukaanza kazi ambayo sidhani kuna watu wengine Tanga nzima waliowahi kuifanya. Tulilifungua tena pikipiki zima ili tulirudishie ugonjwa wake.

Uliza moto, uliza petroli, uliza hewa. Niliuliza yote kinyumenyume. Tukaharibu kabureta ili petroli izidi, likawa linatoa moshi mweusi na kuzimika. Tukalegeza ekzosi, likapiga kelele za aibu lakini halikulipuka. Bakari akasema anakumbuka milio miwili, mimi nakumbuka mmoja. Zuhura tukampigia simu, akasema yeye anakumbuka mlio ulikuwa wa asubuhi, tukakata simu. Nililala nikiwa sijui tena ninachokumbuka na ninachojitungia. Fundi Saidi alikuja, akalisikiliza, akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Shangazi, hii mashine ilikuwa nzima. Mnataka iwe mbovu vipi?" Kijana wa watu, alidhani ni uzee.

Nikamwuliza swali lililokuwa linanisumbua. Ugonjwa gani unaoijua kona? Kama ni taimingi, cheche kuchelewa kuwaka, kwa nini lisilipuke Pongwe, lisilipuke kwenye reli, lisilipuke sokoni, lingoje duka la Mpemba? Saidi akasema hajawahi kuona ugonjwa unaojua anwani.

Bakari, ambaye subira si fungu lake, akaamua kuivuruga taimingi yenyewe. Akapiga kiki. Pikipiki likarusha kiki nyuma, likampiga kwenye muundi, na kabla hajamaliza kulia likaanza kulipuka ovyo, paah, paah, paah, uani pale, kuku juu, majirani wakachungulia. Nikarukia swichi iliyo juu ya taa, nikalizima.

"Haya makombora ya nini?" Mama akauliza kutoka jikoni. Siku zile alikuwa hatusemeshi sana.

"Tunautafuta ule mlio wa Baba," nikajibu, spana bado mkononi. "Wa kwenye kona. Tumefungua kila kitu, Mama. Hatuoni ulikuwa ugonjwa gani."

Halafu nikamsikia Mama anacheka, kicheko cha kisichana kabisa ambacho sikuwa nimekisikia tangu macho yalipomwishia. Akaja mpaka mlangoni akipapasa fremu.

"Mwautafuta kwenye injini? Nyie watoto nyie! Ugonjwa gani? Ile hodi."

Hatukuelewa. Akakaa kizingitini, akatueleza. Baba alipolipata pikipiki alijiona bwana, siku za mwanzo akaja mbio na kuliingiza moja kwa moja mpaka uani. Na uani, mnakumbuka alasiri zetu, walikuwa wamejaa wanawake wa mtaa, wanasuka ukili wa mikeka, wanasukana nywele, wengine wamepakana hina miguu haikanyagi chini, vichwa wazi, kanga zimelegea. Walikimbia ovyo, hina ikatapakaa ukutani, mmoja akatumbukiza mguu kwenye sufuria ya oili. Baba aliona haya siku nyingi, alikuwa anapita barazani kichwa chini. Ndipo akamwambia Mama, "Nikifika kwenye kona nitawapigia hodi." Akikata kona alikuwa anapeleka mkono wa kushoto kwenye taa, anazima swichi, pikipiki linajikokota kidogo, halafu anaiwasha, na petroli isiyoungua iliyojaa ekzosi inalipuka. Paah! Wenzake Mama wanajitanda buibui zao, wanatokea mlango wa nyuma bila haraka.

"Mimi nilidhani kila mtu ajua," Mama akasema. "Mlipoingia kimya nikasema, hili si la nyumba hii. La nyumba hii haliingii bila hodi."

Ule mkono wa kushoto. Nilikuwa nimeuona kwa macho yangu mazima, miaka na miaka, nikaita salamu kwa wazee. Baba alituambia wazi, vyote vikiwepo basi mbovu ni wewe, na mimi nikaenda kuvuruga kabureta.

Ilituchukua muda kulirudisha katika afya yake, Saidi akitusaidia huku anatikisa kichwa. Mama akafungasha. Alasiri ya mwisho kabla ya safari tukamkalisha, lakini safari hii alikataa baraza, akataka uani, kwenye mkeka, mahali pake pa zamani. Nikakaa karibu yake. Bakari akaenda.

Nilipokuwa namsubiri nilitazama nyumba za jirani. Mageti ya chuma, kamera juu ya ukuta. Siku hizi mume anakuja, anapiga honi, geti linafunguliwa na mfanyakazi, au anatuma ujumbe "niko njiani" akiwa bado yuko baa. Wajukuu zangu wanaingia chumbani kwangu na vidude masikioni, wanachukua chaja, wanatoka. Nikiwauliza hodi iko wapi wananitazama kama nimeuliza habari za enzi za majahazi. Sisemi enzi zetu zilikuwa bora kwa kila kitu, macho ya watu yalikufa kwa magonjwa ambayo leo yanatibika. Lakini mtu alijua kwamba upande wa pili wa ukuta kuna watu, na kwamba wanahitaji dakika yao.

Mngurumo ukaja kutoka upande wa Pongwe. Ukafika dukani, ukajikokota kidogo.

Paah!

Mkono wa Mama ulipanda wenyewe, ukavuta kanga kutoka mabegani ukaitandaza kichwani, ukaingiza ncha chini ya kidevu. Akanyoosha mgongo. Midomo yake ikatikisika, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu safari hii, na sikuwa nakimbilia ndoo wala juzuu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasikia jibu alilokuwa akilitoa siku zote zile.

"Karibu," akasema Mama.