Mbuzi ya Kombe na Mahari Yangu

Mukiuliza ekipe yetu ya mupira ya Bungulu, hapa Beni, ilishinda nini tangu ianze, tutawaambia bila haya: kombe moja. Na ile kombe ilikuwa inakula majani.

Mufanyabiashara aliyetengeneza mashindano kati ya ekipe za Beni na za Butembo alitoa mbuzi jike, akasema hii hapana ya kula, hii ni kombe. Mwenye kushinda anaichunga mwaka muzima, kisha anairudisha kwa fainali. Tukashinda. Tukaivalisha jezi ya kapiteni, tukaizungusha Bungulu yote, batu bakacheka mpaka machozi.

Lakini mimi, gardien wa ekipe, mulinda goli, nilikuwa na shida ingine: nilitaka kuoa. Kwetu Banande mahari ni mbuzi, na maneno matamu hayahesabiwi. Nilikuwa nimepungukiwa mbuzi moja. Ekipe ikafanya kikao. Kapiteni akasema, tena na uso wa kazi kabisa, kwamba kombe ni ya ekipe, na mimi ni mutu wa ekipe, basi kombe inaweza kuniozesha. Bote bakapiga makofi. Mungu wangu, hakuna hata mumoja aliyeuliza mwaka ujao itakuwa namna gani. Mbuzi ikaingia kwa baba mukwe, na mimi nikapata bibi.

Fainali ingine ikafika, sisi na ekipe ya Butembo, kwenye kiwanja karibu na uwanja wa ndege wa Mavivi. Mufanyabiashara akadai mbuzi yake. Baba mukwe akajibu kwamba mbuzi ya mahari haitoki kwake peke yake: ikienda Butembo, binti yake naye anarudi nyumbani. Akaja mwenyewe, amevaa koti ya misa, ameshika kamba. Bibi yangu aliketi kando yake na mufuko wa nguo juu ya magoti. Baba yake ndiye alimwambia aufunge. Hasira ilinipanda mpaka nikavaa glavu kinyume.

Hatukufungana. Tukaenda penati, na mimi nilikuwa ninadaka kama kichaa. Kwa penati ya mwisho, ndege ikashuka. Wee, sisi batu ba huku, ndege ikipita lazima kichwa kiinuke, hata padri anaacha mahubiri. Mupigaji wa Butembo akainua macho, akagusa mupira na ncha ya kidole cha muguu tu. Mimi pia nilikuwa juu pamoja na ile ndege. Mupira ukatembea polepole kama mama anayerudi sokoni, ukaingia. Ndege ilipotua, sote wawili tukauliza kumetokea nini.

Nikaketi chini nikalia. Mwanaume muzima, ninalia mbele ya mbuzi.

Baba mukwe akampa kapiteni wa Butembo kamba, akamwashiria binti yake ainuke. Akainuka kweli, na mufuko wake, lakini alikuja kwangu.

— Simama, bwana. Mimi hapana kombe.

Kapiteni wa Butembo akatazama kamba, akamutazama bibi yangu, kisha akamurudishia muzee ile kamba mukononi.

— Baba, shika. Mbuzi sasa ni yetu, na sisi tunaitoa kwa mahari ya huyu gardien.

Mufanyabiashara alikasirika sana, akaenda kununua kombe ya bati. Na mimi, tangu siku ile, nina ndugu ekipe nzima ya Butembo. Kwa ubatizo wa binti yetu balishuka kwenye lori na jezi zao, bakamaliza chakula, na bakaanza kusema kwamba siku ataolewa, mbuzi moja ni yao.

Juzi kapiteni wetu alikuwa anatayarisha hotuba ya sherehe ya klabu. Akaniuliza ile fainali aiseme namna gani, maana inatutia haya. Nikamwambia aseme vile ilikuwa: Butembo balishinda kombe, na mufuko wa nguo ulirudi Bungulu, bibi yangu ndiye aliubeba.