Ndimu Ilipozidi Kwenye Rojo la Bibi

Kosa langu la kwanza jikoni lilikuwa kumwaga rojo la ufuta ambalo halikuwa limeharibika. Nililimwaga lote, bakuli zima, chini ya mpapai nyuma ya nyumba yetu ya Barani, Malindi, kisha nikaliosha bakuli na kumwambia bibi uongo. Nilikuwa na miaka kumi.

Limenirudia wiki hii kwa sababu ya jirani yangu hapa Mnarani, dada mmoja aliyeolewa juzijuzi, ambaye aliniomba nimwandikie jinsi ninavyolifanya rojo hilo likatoka jeupe na laini. Nikakaa na karatasi. Nikaandika, nikachana. Nikaandika tena, nikachana tena, maana kila nilipofika kwenye maji sikuweza kutaja kipimo, na kitu kisicho na kipimo hunikosesha raha. Mwisho nikamwambia aje aone kwa macho yake. Lakini karatasi zilikuwa bado mezani, kwa hiyo nakuandikia wewe lile nililoshindwa kumwandikia yeye.

Miaka ile ya themanini hatukununua rojo la ufuta dukani. Ufuta wenyewe ulikuja mlangoni, kichwani kwa mama mmoja wa Kigiriama aliyelima upande wa Ganda. Alipima kwa kibaba, na kibaba kikishajaa aliongeza konzi moja juu yake, akasema, "Hii ya mtoto." Mtoto ndiye mimi. Nilikuwa nikijiona mtu muhimu sana siku hizo.

Baada ya hapo ilianza kazi. Ufuta ulipetwa kwa ungo, ukalowekwa, ukafikichwa mpaka maganda yakaachana na punje, ukaanikwa juani. Ukikauka, bibi aliukaanga kwa moto mdogo wa makaa, mkono wake ukizunguka tu bila kupumzika, na aliuepua mara harufu yake ilipofika uani, kabla haujabadilika rangi. Ukiwa mwekundu umeshakuwa mchungu. Halafu jiwe la kusagia. Sauti yake naisikia hata sasa, krr, krr, kavu mwanzoni, kisha inalainika kadiri mafuta yanavyotoka, mpaka jiwe linakuwa kama linateleza juu ya uji mzito. Uji huo ndio uliotiwa kitunguu thaumu kilichopondwa na chumvi, ndimu, na maji ya mtungi. Tulilila na mkate wa mofa, na samaki wa kukaanga, na mihogo. Mimi nililila na kidole pia, mtu asiponiona.

Hakuna aliyenifundisha. Wavulana hawakufundishwa kupika. Nilijifunza kwa kukaa kwenye kizingiti cha jiko nikijifanya nafanya hesabu za mwalimu, na nyuma ya daftari la hesabu nikaandika kila alichokifanya bibi: ndimu ngapi, punje ngapi za thaumu. Daftari lilikuwa safi sana. Ukurasa ukiwa na doa niliunakili upya.

Sasa, kwa jirani wa bibi. Mlango wa pili kutoka kwetu alikaa mama mmoja wa rika la bibi, shoga yake tangu usichana. Sahani zilikwenda na kurudi kati ya milango ile miwili mwaka mzima, na Ramadhani kila jioni, na kila sahani iliondoka na maneno. "Sambusa zako leo zimevaa makoti ya baridi," bibi alimpelekea salamu. Jirani naye akajibu kwamba uji wa bibi umemtaka atafute kisu. Walisemana hivyo miaka na miaka, na ungewatenganisha ungewaua.

Mwaka ule ninaousema, miezi minne kabla ya Ramadhani, bibi alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala. Ulimi wake pia, alisema, umekuwa kama gome la mti, kila kitu maji. Mama yangu alikuwa kazini mchana kutwa, akirudi anapika haraka haraka, na bibi alikaa kwenye kigoda akipeleka sahani zilizopikwa na mtu mwingine. Jambo lililomuuma zaidi lilikuwa jirani. Jirani aliacha kumsema. Kila sahani iliyokwenda kwake ilirudi na neno moja: tamu. Wali ulioungua, tamu. Maharage yasiyoiva, tamu sana, ahsante shoga yangu, usijisumbue.

"Huyu kesho nikimpelekea majivu atasema tamu," bibi alisema siku moja, akitazama ukutani. Hakuwa anacheka.

Nikaamua kwamba nitamfanyia rojo. Kama lake hasa, mtu asijue tofauti. Ilikuwa siku za mwanzo za mfungo na mvua kubwa zilikuwa zimeshika, ufuta nikauanika kwa kuiba jua, nautoa na kuuingiza. Nilikuwa nimenuia kufunga siku nzima kwa mara ya kwanza, na sikutaka kitu chochote kiguse ulimi wangu. Nilisaga mpaka mabega yakawaka moto. Nikatia ndimu.

Kama umewahi kulifanya rojo hili unajua kilichotokea. Ndimu ilipougusa ule uji wa ufuta, badala ya kulainika ulikaza. Ukawa mabonge, kama udongo wa kukandika nyumba. Nikatia maji kidogo, ukakaza zaidi. Nikaona nimeharibu. Daftari halikuwa na neno lolote juu ya hilo, kwa sababu bibi alipokuwa akifika hapo alinipa mgongo. Nikalikwapua bakuli. Nikakimbia kwenye mpapai.

"Bibi, paka amelipindua rojo."

Bibi alilitazama bakuli, likimeremeta, limefudikizwa juani.

"Paka gani huyo," akauliza, "akishamwaga huosha na chombo?"

Nyuma ya nyumba kuku walikuwa wakigombana kwa furaha. Jioni ile mlango wa pili ulipata tende saba kwenye sahani, na salamu zilizorudi zilikuwa zile zile: tamu, shoga yangu, usijisumbue. Bibi aliigeuza sahani ile mara mbili kwa mkono wa kushoto, akaiweka. Singesahau uso wake hata nikitaka.

Kesho yake aliniita kabla sijaenda popote.

"Ufuta umebaki?"

"Kibaba hakijai, bibi."

"Lete. Na leo nitakaa mbele yako."

Akakaa kwenye kigoda, mimi nikapiga magoti. Nilipotia ndimu, uji ukakaza vile vile. Nikauacha mwiko.

"Umeacha nini?"

"Limeharibika, bibi."

"Halijaharibika, limekasirika tu. Tia maji. Si hayo! Unaogesha ng'ombe? Kidogo. Sasa piga."

"Linazidi kukaza."

"Piga weye, usiongee nalo. Kidogo tena. Piga."

Nikapiga. Mkono ukafa ganzi, nikapiga. Na mara, sijui ni tone la ngapi, yale mabonge yakalegea yote kwa pamoja. Rangi ya udongo ikaondoka, likawa jeupe, zito, linatiririka kutoka kwenye mwiko kama tui la kwanza. Nililia kidogo. Nilisingizia thaumu.

"Sasa onja," bibi akasema. "Ncha ya ulimi, kisha uteme. Mpishi ana ruhusa."

Nikakataa. Niliogopa saumu yangu ingeingia dosari. Alinibembeleza, nikakataa tena, na yeye ulimi wake haukumwambia kitu. Kwa hiyo rojo lile liliondoka mlangoni kwetu bila mtu kujua ladha yake. Ndimu nilikuwa nimetia kama ilivyoandikwa daftarini, ila ndimu za msimu ule wa mvua zilikuwa kubwa na zimejaa maji, na daftari halikujua.

Nililipeleka mwenyewe kabla ya adhana, likiwa kwenye bakuli la maua mekundu, na juu nimetia mafuta kidogo kwa mstari ulionyooka. Nikasema, "Shikamoo. Bibi amekuletea." Sikusema zaidi.

Tulikuwa ndio tumemaliza kufuturu tulipomsikia jirani uani, anakuja na maneno yake kabla ya mwili.

"Hodi! We bibi! Leo umenuia kuning'oa meno?"

Alisimama mlangoni na bakuli mkononi. Mama yangu akashusha kikombe.

"Ndimu zote za Barani umezitia humu! Mume wangu amekunja uso, nikadhani kimempata cha kumpata!"

Nilitamani sakafu inimeze. Nikafungua mdomo niseme ni mimi, ni mimi niliyelifanya, bibi hana kosa. Hapo mkono wa kushoto wa bibi ukanishika kifundo cha mkono na kukibana, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Mbona bakuli tupu?" akauliza.

"Nishalila, ningefanyaje?"

"Umelila lote, halafu unakuja kunipigia kelele."

"Kesho punguza ndimu!"

"Nitapunguza nikitaka. Na wewe kesho toa makoti kwenye sambusa."

Jirani akacheka, kicheko chake kile cha kujipiga mapaja, na bibi akacheka, mdomo ukienda upande mmoja kama ulivyokuwa ukienda tangu augue. Walicheka mpaka mama akacheka bila kujua anacheka nini. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na msiba. Nilikwenda kujificha nyuma ya pazia la chumba cha bibi, nikihesabu ndimu kichwani.

Akanifuata huko, akiburura mguu taratibu.

"Unalia nini?"

"Lilikuwa kali, bibi. Nimekuaibisha."

"Umeniaibisha?" Akakaa kitandani na kunivuta karibu. "Miezi minne naambiwa tamu, tamu, kama mtoto mchanga anayesifiwa kwa kupiga chafya. Leo nimesemwa. Hujaona nilivyosemwa?"

Sikuelewa siku ile. Nilielewa tu kwamba alikuwa na furaha, na kwamba kesho yake alidai tuombe ufuta kwa jirani yule yule. Mpaka leo sijui kama yule mama alijua ni mkono wa nani. Bakuli lile lilikwenda kila jioni hadi Idi, na hata siku moja hatukuambiwa tamu. Siku ilipokuwa sawa kabisa, alituma neno kwamba limepungua chumvi.

Bibi aliishi miaka mingine sita. Jirani naye alihamia kwa mwanawe, na nyumba zile mbili sasa zina kuta ndefu na mageti. Mama wa ufuta aliacha kupita, na sikuwahi kumuuliza jina lake, jambo linaloniuma. Ufuta uliosagwa unauzwa kwenye chupa, mzuri tu, nami huununua. Mashine husaga kwa dakika mbili kile kilichonichoma mabega alasiri nzima. Sijalisahau deni la shukrani nililonalo kwa wazee wawili waliokubali mtoto mwoga ajifunzie kwenye vinywa vyao.

Yule dada wa hapa Mnarani alikuja juzi, akaona kwa macho. La kwake lilitoka jepesi mno, na alipotaka kulimwaga nilimwambia alipeleke hivyo hivyo kwa mama mkwe wake. Alinitazama kama mtu anayetaniwa. Kweli, zamani nisingelipeleka. Siku hizi napeleka.