Gunia la Majani ya Karanga

Kabla sijaona kitu, mwanangu, nilisikia meno. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeishukia Kolwezi mpaka mtu aliushika mlango wa zizi kwa mkono na bado hakuuona. Kutoka ndani ikaja sauti kama ya mawe mawili yanayosagana, taratibu, bila hasira. Nilidhani ni mashine, kisha nikakumbuka kwamba mashine za kampuni zilikuwa zimenyamaza kwa majuma kadhaa. Aliyekuwa akisaga ni Duchesse, jike letu jekundu, mrukaji bora wa vizuizi katika klabu ya farasi ya wakubwa wa mgodi. Alikuwa akisaga meno yake mwenyewe, mdomo ukiwa mtupu.

Kesho unaondoka kwenda Lubumbashi kutunza farasi wa watu, kwa hiyo keti kidogo na mimi. Sina kitu cha kukupa ubebe mkononi. Nina kosa moja tu, nimelitunza miaka mingi, na ni zuri kwa anayeanza safari.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kazi yangu ilikuwa kumpanda Duchesse na kumrusha juu ya vizuizi. Mkubwa wa zizi alikuwa Tata Mukendi, baba yetu sote kazini, mtu mfupi, mpana wa mabega, aliyezaliwa hapa hapa Kolwezi kwa baba aliyeletwa kutoka Kasai kujenga reli. Yeye ndiye aliyenifundisha kukaa juu ya farasi bila kumwumiza. Alikuwa na desturi moja iliyotuchekesha sote: hakuna farasi aliyevalishwa tandiko kabla hajatafuna majani. Hata wakubwa wakisubiri na viatu vyao virefu, yeye alisimama pale na fungu la majani mkononi, akimtazama farasi akitafuna, kama mama anayemtazama mtoto amalize uji. Mkewe, Mama Ngalula, alilima karanga nyuma ya nyumba yao huko mtaa wa Manika. Baada ya mavuno alianika majani yake juani, na Tata Mukendi aliyaleta kwa baiskeli, gunia kwa gunia, kwa ajili ya Duchesse.

"Tata, huyu farasi njo bibi yako wa pili?" Banza, mwenzetu wa zizini, alimtania.

"Huyu anasemaka na tumbo," akajibu bila kugeuka. "Ule wa nyumba anasemaka na mudomo. Bote babili mi nabasikia."

Tulicheka. Laiti tungesikiliza.

Kisha ukaja mwaka ule. Mgodi ulikuwa ukianguka, wageni waliouendesha walikuwa wakiondoka familia baada ya familia, daktari wa wanyama akaondoka nao, na mitaani zikaanza sauti za kusema kwamba njaa yetu imeletwa na majirani wenye asili ya Kasai. Watu waliokula pamoja Jumapili waliacha kusalimiana Jumatatu. Siku moja tukaambiwa Tata Mukendi atoke, mimi nichukue nafasi yake. Alinikabidhi funguo mbele ya wenzetu, moja moja, akinitajia kila mlango. Nilizipokea zote. Nikuambie ukweli, mwanangu, maana uongo wa mzee haumsaidii mtu: nilifurahi. Sikufurahia kufukuzwa kwake. Nilifurahia uzito wa zile funguo mfukoni mwangu, na siku ile sikuona kwamba mambo hayo mawili yalilala kitanda kimoja.

Wakubwa wapya walitaka mashindano yafanyike upesi, watu waone kwamba klabu ingali hai. Waliniambia wazi kwamba Duchesse asiporuka, klabu itafungwa na farasi watauzwa kwa wauza nyama. Nikataka kuonyesha kwamba najua kuliko aliyeondoka. Nikapunguza majani, kwa kudhani farasi mwenye tumbo jepesi ataruka juu zaidi. Nikaongeza mahindi ili apate nguvu. Nikamfungia ndani kutwa, mbali na mbuzi mzee aliyezoea kulala miguuni pake, ili asichoke bure. Alipoanza kulaza masikio nyuma na kutaka kuniuma kila nilipokaza mkanda wa tandiko chini ya tumbo, nikasema ni kiburi. Baadaye nikasema ni mgongo. Nikachukua unga wa kutuliza maumivu alioacha daktari, nikauchanganya na mahindi, leo na kesho na keshokutwa. Akaanza kuacha chakula nusu. Ngozi ikapoteza mng'aro. Ndipo asubuhi ile nikasikia meno.

Ukungu haujainuka bado, mtu akagonga lango. Alikuwa Tata Mukendi. Zaidi ya wiki alikuwa akilala nje kwenye stesheni pamoja na mkewe na mamia ya wengine, wakingoja treni ya kuwaondoa. Alikuwa amekuja kwa miguu, gunia kichwani.

"Ilunga, mwanangu," alisema kupitia vyuma vya lango. "Meno ya huyu mutoto nayasikia toka huku inje. Fungua."

Banza alisogea karibu na bega langu. Safari hii hakutania. "Fungua, kisha uone na weye vile batakupeleka ku gare," alininong'oneza, akielekeza kidole upande wa stesheni.

Ningeweza kusema nimepoteza funguo. Ningeweza kunyamaza tu. Lakini nilisema, kwa sauti, ili Banza asikie: "Tata, hapa si pako tena. Rudia kwenu."

"Kwetu?" Aligeuza kichwa kutazama upande wa Manika, ambako ukungu ulificha mabati yote. "Kwetu ni pale nyuma ya soko." Akashusha gunia, akaliegemeza kwenye lango. "Mupe haya. Na leo usimufunge ule mukanda."

Akaondoka. Gunia likabaki nje. Niliona haya kulichukua mbele ya Banza, na jua lilipotoka nikamvalisha Duchesse tandiko kwa mazoezi.

Hakufika hata kizuizi cha pili. Alisimama, akatetemeka, kisha akapiga magoti na kulala uwanjani, tandiko likiwa mgongoni. Jasho lilimtoka shingoni. Aligeuza kichwa akautazama ubavu wake, akautazama tena, kama mtu anayesikia anaitwa na hajui ni nani anayemwita. Nilifungua mkanda, nikamwambia Banza amsimamishe, nami nikakimbia stesheni.

Watu walikuwa wakipakiwa. Magodoro, masufuria, cherehani, mlango mzima wa nyumba ambao mtu fulani alikuwa ameung'oa ili asimwachie mwingine. Nilimkuta Tata Mukendi amesimama mlangoni mwa behewa la mizigo. Nyuma yake, Mama Ngalula alikuwa amelala juu ya mkeka, uso ukutani, kitambaa chenye maji kichwani.

"Tata, Duchesse ameanguka."

Nilingoja matusi. Hayakuja.

"Anakulaka nini?"

"Mahindi."

"Na majani?"

"Niliyapunguza."

"Ile bunga ya munganga, ulimupa?"

"Nilimpa."

"Siku ngapi?"

"Kumi. Labda zaidi."

Alifumba macho. "Ile bunga inachimbaka tumbo, Ilunga. Huyu ana vidonda mu tumbo." Akainama ili nimsikie katika kelele zile, akanieleza polepole, kama zamani. Tumbo la farasi halipumziki kutoa maji makali, akila asile. Akitafuna majani, mate yake na majani yenyewe hutuliza ule ukali. Ukimkimbiza tumbo likiwa tupu, maji yale hurukia sehemu ya juu ya tumbo isiyo na kinga, yakaichoma. "Ile bunga, acha leo leo. Mahindi, acha. Mutembeze pole pole mpaka maumivu yatulie. Akitulia, mupe yale majani ya karanga, kidogo kidogo, siku yote, asikae mudomo mutupu. Mbuzi wake arudie. Na mutu asimupande myezi mbili."

Nilirudia maneno yake nisiyasahau. Aliyasahihisha mahali pamoja. Kisha nikageuka, nikakimbia.

Duchesse alipona, mwanangu. Gunia lilikuwa bado pale langoni, nami nilifuata kila neno. Siku ya mashindano niliwaambia wakubwa kwamba haruki, wakachukua funguo zao, na ukubwa wangu ukaisha kabla haujanizoea. Farasi wenzake waliuzwa kama tulivyotishwa. Yeye alikuwa amekonda mno, hakuna muuza nyama aliyemtaka, kwa hiyo wakaniambia nimwondoe. Nilimtunza nyuma ya nyumba yetu, na nguvu zilipomrudia tukaenda Lubudi kwa wajomba zangu, mimi mbele kwa miguu, yeye nyuma akila njia nzima. Aliishi huko miaka mingi. Alibeba watoto wa shamba, na sikumsikia tena akisaga meno.

Lakini treni za kwenda kaskazini, upande wa Kasai, hupita Lubudi. Kila moja ilipopita nilikwenda relini kumwulizia Tata Mukendi. Hakuna aliyemjua. Mwanamke mmoja tu, muuza chumvi, aliniambia anamkumbuka mtu mfupi aliyemzika mkewe kando ya reli, baada ya stesheni ya Tenke. Jina lake hakulijua. Nikamwambia wafupi ni wengi. Mpaka leo najiambia hivyo, nikiamka na nikilala: wafupi ni wengi.

Sasa sikia ninalotaka ulibebe. Farasi wa mashindano asikae na njaa. Majani mbele yake mchana kutwa, nafaka kidogo, na atafune kabla ya tandiko, hata bwana wake akikasirika. Mpe uwanja wa kutembea na rafiki wa kukaa naye. Upweke nao humla tumboni. Akikataa mkanda, usimwite mkaidi, na dawa ya maumivu usimpe kwa kubahatisha. Mwite daktari. Siku hizi wana mrija wenye kamera wa kulitazama tumbo, na wana dawa ya kupunguza yale maji makali. Ukiambiwa uitoe wiki nne, toa wiki nne, hata kama siku ya saba anaonekana mzima.

Hayo utayajua upesi, una mikono mizuri. Gumu ni hili. Nilikwenda stesheni na swali moja tu, na lilikuwa la farasi. Mama Ngalula alikuwa amelala hatua mbili kutoka kwangu, sikuuliza ana nini. Sikuuliza kama wana maji ya kunywa. Sikusema nisamehe, wala asante. Huko uendako, atakuwapo mtu ambaye wote wameambiwa wasimfungulie. Mfungulie, mwanangu, hata Banza akiwa amesimama begani mwako. Ukishindwa, angalau mwulize habari za nyumbani kwake.

Mungu akutangulie. Akupe sikio la kusikia wanaosema na tumbo na wanaosema na mdomo. Asikufanye mkubwa kabla hujajua kuomba radhi.

Na kesho ukitoka, usinicheke nikisimama barabarani mpaka nisikuone tena. Siku ile ya stesheni nilikuwa nimekwenda kama hatua kumi tu niliposikia chuma kikiburuzwa juu ya chuma. Ulikuwa mlango wa behewa, ukifungwa nyuma ya Tata Mukendi, na mimi sikugeuka.