Uwanja wa Nyuma ya Karakana

Wanafunzi wake walimwita Mama Hatua, kwa sababu hakuna mhadhara uliokwisha bila yeye kumuuliza mtu ametembea hatua ngapi tangu asubuhi. Alikuwa mhadhiri wa afya ya jamii, mwanamke mfupi mwenye maneno mengi na miguu myepesi. Kwa miaka kumi na mmoja alihangaika na swali moja tu: daktari akishamwambia mwanamke asiye na kitu afanye mazoezi, akayafanyie wapi?

Swali lenyewe alipewa na wifi yake, aliyekuwa akifua mashuka ya hoteli na kuishi mtaa wa nyuma ya chuo. Presha ya wifi ilikuwa haishikiki.

"Daktari ananiambia nitembee," wifi alisema siku moja, akijipepea kwa karatasi ya dawa. "Barabara haina pembeni, magari yanakupangusa nguo, vijana wanakupigia miluzi. Nikatembee juu ya paa?"

Mama Hatua alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Akaomba ruhusa ya kutumia uwanja mtupu nyuma ya karakana za chuo, na kila siku saa kumi na moja na nusu jioni, wanawake wakishatoka makazini, walikutana pale. Walianza saba, wakafika sitini: wapishi, wafagiaji, wauza mboga, wakizunguka uwanja mbiombio huku wakisengenya na kuhema. Yeye aliwapima presha na kuandika. Presha zikashuka. Makala yake ikasomwa mbali, na mkuu wa chuo, ambaye hata ofisi ya Mama Hatua hakuwa akiijua, akaanza kumwita "hazina yetu."

Wafadhili walipobisha hodi, chuo kiliandaa mradi: Kituo cha Mazoezi kwa Wote, papo hapo uwanjani. Mkuu alimletea andiko lenye kurasa tisini, wiki ileile ambayo faili la kumpandisha Mama Hatua kuwa profesa lilikuwa mezani kwa mkuu huyohuyo.

"Weka saini tu, hapa na hapa. Si kazi yako hii?"

Alisoma kurasa kumi za mwanzo, zilizomsifu, akatia saini.

Ukurasa wa sabini na mbili ulisema majirani watatumia kituo Jumanne na Alhamisi, saa nne mpaka saa tano asubuhi. Aliusoma kwa mara ya kwanza siku wifi alipompigia simu kutoka getini, kituo kikiwa na wiki moja tangu kifunguliwe.

"Wifi, mlinzi anataka kitambulisho cha chuo."

"Mwambie uko na mimi."

"Nimemwambia. Anasema njoo Alhamisi saa nne. Saa nne mimi niko na mashuka, wifi. Wewe si unajua?"

Alijua. Aliteremka ngazi mbio, lakini alipofika getini wanawake walikuwa wameshaondoka, na mlinzi akamsalimia kwa heshima zote: "Shikamoo, Mkurugenzi."

Maana ukurugenzi nao alipewa, pamoja na uprofesa.

Alikwenda kwa mkuu. Mkuu akamsikiliza vizuri sana, akaunda kamati, akamfanya yeye mwenyekiti. Kamati ikamtupa kwa ofisi ya usalama, usalama ikamsukuma kwa mwanasheria, mwanasheria akamwonyesha saini yake mwenyewe. Kila wiki wageni walikuja, naye aliwatembeza kati ya mashine za kukimbilia akieleza usawa katika afya. Usiku mmoja wa kwikwi za kilio ungekuwa nafuu. Yeye hata kulia hakuweza.

"Naacha," alimwambia mumewe mezani.

"Ukiacha watamweka nani? Yule bwana anayesimamia vyuma vya mazoezi? Hata hizo Jumanne na Alhamisi atazifuta."

Akaenda zake kazini.

Ilichukua miezi kumi na minne kupata Jumatano jioni, siku moja kwa wiki. Alifurahi mpaka akaenda mwenyewe kugonga mlango wa wifi.

"Hongera," wifi alisema bila kuinuka kwenye kiti. Miguu ilikuwa imemvimba. "Nendeni nyie. Mimi nimeshazoea kukaa."

"Njoo mara moja tu, uone."

"Nimeshaona, wifi. Nilisimama pale getini na wenzangu sitini, tukaonekana wezi. Chai utakunywa?"

Alikunywa chai. Hawakuzungumza tena habari za uwanja.

Jumatano hiyo walikuja wanawake tisa. Mama Hatua alivua viatu vya ofisini, akaingia nao mzunguko, na mmoja, mpishi wa shule, akaanza kumtania kwamba uprofesa umemnenepesha. Walikuwa kwenye mzunguko wa tatu mlinzi alipokuja mbio.

"Mkurugenzi, wageni wamefika. Mkuu anasema uje uwaeleze."

Aliwatazama wenzake. Mpishi wa shule alimsogezea viatu kwa mguu.

"Nenda, mama. Sisi tunaendelea."

Akavivaa, akaenda.