Maji ya Kikombe, Maji ya Lambo

Tulipopata mtoto, nyumba yetu nje kidogo ya Ikungi ilikuwa na makanisa mawili, na mimi nilikuwa ukuta wa katikati. Kanisa la mama yangu linabatiza watoto wachanga. Mke wangu naye alikulia huko huko, ila ukubwani alibatizwa upya kwa kuzamishwa kwenye lambo la mifugo, akatoka na tope hadi masikioni, na tangu hapo majabali yote ya Singida yangehama kabla yeye hajabadili msimamo.

"Mtoto mchanga anatubu nini, mama?" alikuwa akiuliza. "Kunyonya?"

"Na jina ulimuuliza kabla ya kumpa?" mama anamrudishia. "Chanjo je, aliiomba mwenyewe?"

Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, ndevu zimenifika kifuani, kwa hiyo nilijiona mwamuzi wa kimataifa. Nikawasimulia tuliyofundishwa kwenye historia: kule Ulaya zamani, watu waliokataa ubatizo wa watoto walizamishwa mtoni hadi wakafa.

"Umesikia, mama?" mke wangu akasema. "Watu walikufa kwa hili."

"Nami sitaki wa kwangu afe bila hilo."

Basi nikawa mtu wa amani. Mama nilimwambia asubiri tuvune alizeti, nitampeleka mtoto abatizwe. Mke wangu nilimwambia mtoto atabatizwa siku atakayoomba mwenyewe. Wote wawili wakanipenda sana.

Mtoto alipofika miezi mitano alishikwa na homa, akaanza kugeuza macho. Mke wangu akakimbilia barabarani kutafuta bodaboda ya kutupeleka hospitali. Mama akaingia na kikombe. Kwenye kanisa lake, mtoto akizidiwa muumini yeyote anaruhusiwa kumbatiza, na kina mama wa pale wanayajua maneno yale kama wanavyojua kusonga ugali.

"Mshike kichwa, baba," akaniambia.

Nikamshika. Mama akammwagia maji mara tatu, akayasema maneno, akatoka.

Mke wangu aliporudi akamgusa nywele. "Mbona kalowa?"

"Nilikuwa nampoza homa."

Mtoto alifia hospitali siku ya pili.

Asubuhi ya maziko, mke wangu alikuwa ameketi mkekani na wanawake, tukimsubiri mchungaji wake. Mara rimu ya lori iliyotundikwa kanisani kwa mama ikaanza kugongwa. Pale kwetu ndiyo kengele, na kwa msiba wa asiyebatizwa haigongwi. Mama alikuwa ameshawaambia wazee wa kanisa. Kwake ilikuwa heshima ya mwisho kwa mjukuu wake.

Mke wangu akainua uso. "Nani mwingine amekufa?"

Akamtazama mama, mama akatazama chini. Akanigeukia mimi.

"Homa," akasema. "Si ulisema homa?"

Mbele ya waombolezaji wote hakupiga kelele. Jioni tu, watu walipopungua na nilipokwisha kukiri kuwa nilimshika mtoto kichwa, aliniambia: "Yale maji hayakumdhuru. Ila uliamini mtoto atapotea mikononi mwangu, ukanificha."

Matanga yalipokwisha, kaka yake akaja kumchukua, wakaenda kwao Kintinku.

Nimemfuata mara tatu, na kila mara nimejiandalia hotuba ya kuangusha serikali. Mara ya tatu alinipokea vizuri mno, kama mgeni wa baba yake. Akanipa kigoda, akaendelea kuchambua karanga.

"Nikuulize kitu kimoja," akasema. "Siku ile ikirudi, utamshika kichwa?"

Nilijua jibu analolitaka. Ni neno moja, na nimeshadanganya kwa mengi zaidi ya hilo. Lakini nikamwona mtoto anavyogeuza macho, na woga ule ule ukanirudia.

"Nitamshika," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, wala hakukasirika. Akaniambia basi la kwenda Singida hupita mchana, nikichelewa nitalikosa.