Bunduki ya Babu Chini ya Kitanda

Enzi zetu pale Kariakoo, siri haikuwa na pa kulala. Nyumba moja, vyumba sita, familia sita; uani bomba moja na choo kimoja. Mama mmoja akikaanga dagaa, nyumba nzima inajua. Tulicheza rede mtaani mpaka miguu ikawa myeupe kwa vumbi, tukapanga mawe kutushikia foleni ya sukari, tukala ugali wa unga wa yanga na kushukuru. Watoto wa siku hizi ukiwawekea ugali wa manjano watauliza kama umeharibika.

Ndani ya nyumba hiyo, baba aliingiza bunduki.

Babu yetu alikuwa amefariki kwao Liwale. Baba alikwenda kuzika, akarudi na godoro la sufi lililofungwa kamba. Ndani yake mlikuwa na bunduki nyembamba, kitako cha mti kimepasuka na kuzungushiwa waya. Ndugu walikuwa wameamua kwamba yeye ndiye mkubwa, basi arithi. Kibali hakikuwepo.

"Umeniletea jela chumbani, baba Zuhura," mama alisema kwa sauti ya chini.

Ulikuwa wakati wa msako wa walanguzi. Watu walipekuliwa mpaka mitungini kutafutwa sabuni, na sisi tulikuwa na bunduki. Baba alitaka kuipeleka polisi, lakini aliogopa. "Wakiniuliza ni ya aina gani, nitajibu nini? Na kama ni ya jeshi?" Ikakaa chini ya kitanda. Gari likisimama nje, mama alikuwa anaacha kutafuna.

Siku ya nne, mama akiwa sokoni, mimi na mdogo wangu Hamisi tuliivuta. Mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye sita. Nikamwelekezea kifuani.

"Mikono juu, bepari!"

Hamisi akainua mikono huku anacheka. Nikabonyeza triga. Haikulia. Tukairudisha, tukatoka kucheza.

Kesho yake baba alikuja na Mzee Mpili wa Ilala, fundi baiskeli ambaye ujanani alikuwa bwana nyama, mlinzi wa wanyama wa porini. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba; Hamisi akarudi mtaani kucheza, mzee akaomba pazia lishushwe. Aliipokea ile bunduki kama mtu anayepokea mtoto mchanga, mdomo wa bunduki akiuelekeza ukutani.

"Hii siyo gobore," alisema. "Gobore hujazwa baruti mdomoni. Hii inakunjika hapa katikati." Akafuta kutu kwa khanga ya mama, akatusomea namba ndogo chini ya mtutu. "Foo-ten, yaani nne-kumi kwa Kiingereza. Ni bunduki ya marisawa, vile vijirisasi vidogo vidogo, ndogo kuliko zote za aina yake. Wakulima wa kizungu walipigia kanga wa porini na nyoka. Ya zamani sana, na siyo ya jeshi."

Baba alishusha pumzi. Mzee akabonyeza kijiti cha pembeni, bunduki ikakunjika. Kisha akachomoa risasi nyekundu, nyembamba kama kidole changu.

"Mmelala na hii?"

Mama akakaa chini sakafuni.

"Bado nzima," mzee alisema. "Bahati yenu, mpaka uvute kwanza hiki kinyundo cha nyuma ndipo inalia."

Nilihisi maji ya moto yakinishuka miguuni. Mama alidhani ni hofu tu ya mtoto, akanipeleka kuoga.

Jioni ile baba, Mzee Mpili na balozi wa nyumba kumi waliibeba ndani ya mkeka mpaka kituoni. Mama alikaa kibarazani na khanga mdomoni mpaka alipomwona baba akirudi kwa miguu. Polisi walikuwa wamemhoji kwa muda mrefu, mzee akawaeleza ni bunduki gani na baba ameipataje. Wakaichukua, wakampa karatasi. Usiku huo mama alikula sahani mbili.

Sasa wajukuu wangu wanapigana risasi kwenye simu. Mmoja akifa, analalamika kidogo, anaanza upya. Nikiwaambia waache, wananicheka: "Bibi, ni gemu tu!" Enzi zetu tulikuwa na michezo mizuri zaidi, lakini siyo yote. Hamisi yuko Mbagala, kichwa kizima mvi, kila Ijumaa hunipigia kuuliza kama nimekula. Mpaka leo sijamwambia kilichokuwemo ndani ya bunduki ile.