Kumtazama Mgeni Mdomoni

Mke wangu alipofariki ndipo nilipojua kwamba chakula kina sauti. Ukila peke yako unasikia meno yako mwenyewe. Watoto wako mbali, mmoja yuko bandarini mjini, hupiga simu Ijumaa, basi. Lakini sikutaka kusema habari za watoto, nilitaka kusema zile mbio.

Alikuja mama mmoja mwalimu wa chuo, mtu wa bara, anatafuta wazee wanaojua kuandika. Mimi niliishia darasa la pili, tena mwalimu wetu alikuwa akitutuma kuokota korosho zake, lakini namba nazijua. Akanieleza kazi ya utafiti wake. Siku ya mbio ndefu wakimbiaji watapita barabara ya Ziwani, watasimama kwenye meza yangu, nami niandike kwa namba ya kifuani kila mmoja amekula nini na amekunywa kiasi gani. Akaniachia karatasi za kujaza, jagi lenye mistari ya kupimia, vikombe, ndizi, na viazi vya kuchemsha vyenye chumvi.

Siku tatu alikuja kunifundisha, na zote tatu alikula kwangu. Ugali wa muhogo na kisamvu, mkono wake na wangu sahani moja.

"Babu, kazi ikienda vizuri nitarudi," alisema. "Ziko mbio nyingine mbili."

Mimi nikashika hilo la kurudi. Utafiti ulikuwa shauri lake.

Onyo alinipa moja tu. "Wengine watajimwagia maji kichwani, wengine watatupa kiazi majanini. Usiandike ulichowapa, andika kilichoingia. Watazame mdomoni."

Nikaitikia, na hapo ndipo nilipokosea. Kwetu, mtu akila mbele yako humtazami mdomo. Marehemu mama yangu alinichapa mwiko kwa hilo, mwiko wenye uji wa moto, kwa sababu nilimkodolea macho shangazi akila. Ukimtazama mgeni, ni kama umemwambia unakionea uchungu chakula chako.

Wakaja wakimbiaji, jasho linachuruzika, midomo imekauka. Nikampa wa kwanza kikombe, shingo ikageuka yenyewe. Nikabaki kuangalia mikorosho ng'ambo ya barabara.

"Babu, mbona unatupa mgongo? Tumekukosea?" mmoja akauliza, kinywa kimejaa.

"Kula, mjukuu wangu. Mimi sikuoni."

"Ndiyo kazi waliyokupa hiyo, kutotuona?"

Wakacheka, wakaendelea na safari yao.

Alasiri yule mama akaja, akasoma karatasi zangu. "Kila mmoja umemwandikia 'amekula'. Kiasi gani, babu?"

"Amekula akaridhika."

"Na waliojimwagia maji ni wepi?"

Ningeweza kutunga. Kalamu nilikuwa nayo. Nikamwambia kweli, kwamba sikutazama. Akazikunja zile karatasi taratibu.

"Hizi siwezi kuzitumia, babu."

Hakukasirika. Nilimkaribisha chakula, kisamvu kilikuwa jikoni tangu asubuhi, akasema gari linamsubiri.

Mbio zile mbili zimeshapita, meza alipewa fundi baiskeli wa kule mbele. Jagi limebaki kwangu. Mchana huwa nalijaza maji, nakunywa, naangalia yameshuka mpaka mstari gani. Leo nimekunywa mistari miwili, ugali nimebakiza nusu. Nimeandika kwenye karatasi zake zilizosalia. Penye namba ya mkimbiaji nimeacha wazi.